Gari Lililozima Meko ya Siwema

Mama Kidawa anasema aliliona kwa macho yake haya mawili, na kama ni uongo basi yapofuke sasa hivi. Alikuwa anatoka mashineni kusaga, ndoo ya unga kichwani, ndipo akaona gari jeupe limesimama kando ya barabara. Halina mngurumo, halina moshi, limetulia kama mtu anayesali. Mara, kwa nyuma, likakojoa.

"Likakojoa nini?" akauliza Siwema, huku akigeuza maharage chunguni.

"Maji, mwenzangu! Maji ya kunywa! Dereva kashuka na bilauri yake, kakinga, kanywa. Kaniangalia, kaniambia, 'Mama, karibu.' Na mimi nani nikatae? Nikanywa."

"Yana ladha gani?"

Mama Kidawa akalamba midomo. Hapo hakuwa amejiandaa. "Ladha ya serikali," akasema. "Yaani hujui umemeza nini."

Wanawake waliojaa kwenye mkeka wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Siwema naye akacheka, taratibu, akasukuma kuni ndani. Hakumuuliza zaidi. Mama Kidawa alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake hayo mawili chatu aliyevaa kofia na mganga aliyeota mkia, na hakuna mtu mtaani aliyemwamini sana, ila hakuna aliyekuwa tayari kukosa kumsikiliza.

Huo ulikuwa mtaa wa Kisimasafi, na huo ulikuwa ua wa Siwema, saa ya kuomba moto.

Kiberiti kiliuzwa dukani, ndiyo, lakini kwa watu wa Kisimasafi mtu aliyewasha meko yake kwa kiberiti alikuwa anawatangazia majirani kwamba amegombana nao wote. Moto uliombwa. Jua likianza kushuka, mwanamke alichukua kigae chake, akaenda kwa mwenzake, akapiga hodi, akasema, "Naomba moto." Mwenye nyumba akajibu, "Karibu uchukue." Na kuchukua maana yake ilikuwa kukaa, kwa sababu kaa zuri halitolewi mekoni likiwa bichi, na wakati linaiva, maneno nayo yanaiva. Mtu wa Kisimasafi angeweza kukunyima chumvi, angeweza hata kukunyima binti yake. Moto hakunyimwa mtu. Hata mliyetukanana naye asubuhi, jioni atakwambia, "Karibu uchukue," halafu atatazama ukutani.

Siwema alipika maharage ya kuuza, kwa hiyo meko yake hayakulala. Usiku aliyafunika kwa majivu na alfajiri akayafunua, na moto ulikuwa ule ule aliouachiwa na mama mkwe. Mumewe alikwenda machimboni kutafuta, akapata, na alichopata hakikuwa dhahabu bali mwanamke; alikaa naye huko huko. Mtoto hawakujaliwa. Lakini mtaa mzima uliomba moto kwa Siwema, na kila jioni mkeka wake haukutosha.

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa, kwa kuwa hujitaja vya kutosha redioni. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na Wizara ya Nishati Zijazo. Nishati ya wakati ule haikuwa na wizara, kwa sababu haikuwapo.

Waziri wake, Mheshimiwa Mavumbo, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na huruma nyingi. Alikwenda ng'ambo kwenye mkutano, akaonyeshwa gari linalotumia gesi iitwayo haidrojeni. Gesi hiyo, akaelezwa, hutolewa ndani ya maji kwa kuyapasua kwa umeme. Gari huila, hutembea, na kinachotoka nyuma ni maji tena. Mheshimiwa hakungoja kuelezwa zaidi. Alirudi nyumbani na gari moja, mashine moja ya kupasua maji, na tai mpya.

Mashine ilitaka maji masafi, na katika jimbo zima maji masafi yalikuwa kwenye kisima cha Kisimasafi. Basi kisima kikazungushiwa uzio. Mashine ilitaka na umeme, na umeme ulikuwa bado ni ahadi, basi likaletwa jenereta la dizeli, kubwa kama nyumba, likakaa nyuma ya kisima likifuka moshi mweusi mchana kutwa. Dizeli nayo ililetwa na malori. Lakini moshi wa jenereta ulikuwa chini ya wizara nyingine, na moshi wa malori chini ya wizara nyingine tena, kwa hiyo Mheshimiwa aliposema kwamba gari lake halitoi moshi hata chembe, hakusema uongo.

Alisema hivyo kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya uzio.

"Ndugu wananchi! Mmelia kwa miaka kwamba mabomba yenu ni makavu. Serikali imesikia. Leo nawaletea maji yanayotembea kwa magurudumu!"

Makofi.

"Mheshimiwa," akasema Mama Kidawa, ambaye hakuweza kukaa kimya hata msibani, "na kisima chetu je?"

"Kisima chenu, mama, kimepandishwa cheo."

Makofi zaidi. Siwema alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, anatazama bomba nene lililoingizwa kisimani na gari lililodondosha tone, likatulia, likadondosha jingine. Alikuwa anajaribu kuona faida iko upande gani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Na tumesikia hiyo gesi hulipuka," akasema Mama Kidawa.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe."

Mheshimiwa akatabasamu kama baba. "Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja, inapaa zake juu. Haina rangi, haina harufu, hata ikishika moto mchana, moto wake hauonekani. Sasa niambieni, ndugu zangu, kitu kisichoonekana, kisichonuka, kitamdhuru mtu kwa njia gani? Ni salama kabisa! Na kwa kuwa ni salama kabisa, kuanzia Jumatatu mtahamishwa."

Wakapiga makofi kabla hawajaelewa, kisha wakaendelea kupiga, kwa sababu kuacha katikati kungeonekana vibaya.

*

Kazi ya kuhamisha alipewa Bwana Sengelema, Afisa wa Umbali Salama. Swali lilikuwa moja tu: umbali salama ni upi? Kitabu cha mashine kiliandikwa kwa lugha ya waliotengeneza mashine. Basi Bwana Sengelema akasimama kwenye mashine, akaanza kuondoka, na pale moyo wake ulipoacha kwenda mbio akaweka jiwe lililopakwa chokaa. Alikuwa mtu mwoga sana, kwa hiyo umbali ukawa mkubwa. Mawe yakapangwa kuzunguka mtaa wote, na ng'ambo ya mawe zikajengwa nyumba za mabati. Makazi hayo mapya yakaitwa Umbali Salama.

Ndani ya mawe ilikatazwa sigara, mshumaa, kibatari, jiko, na hasira.

Jumatatu malori yalipokuwa yanapakiwa vitanda na kuku, msaidizi wa Mheshimiwa akamnong'oneza bosi wake kwamba wageni waliotoa mashine watakuja kukagua, na watauliza anayenufaika yuko wapi. Mheshimiwa akashika kidevu.

"Kweli kabisa. Mradi usio na mnufaika ni gereji tu." Akapanda juu ya debe. "Ndugu wananchi! Namhitaji mmoja wenu abaki hapa anufaike. Awe mtulivu. Na awe mtu asiye na watu wengi, ili likitokea la kutokea, ambalo haliwezi kutokea, tusipate usumbufu."

Watu wakatazamana. Juu ya lori, akiwa amekumbatia kuku wawili, Mama Kidawa akainua mkono.

"Siwema! Mheshimiwa, mchukue Siwema. Huyu hana mtu."

Alisema kwa wema, vile mtu anavyompigia debe rafiki yake apate kazi.

Siwema akawatazama waliokuwa ndani ya lori, mmoja mmoja. Wote alikuwa amewahi kuwapisha kwenye mkeka wake. Akangoja mmoja aseme, "Ana sisi." Mtoto wa mtu akapiga chafya. Mtu mwingine akauliza sufuria kubwa imewekwa wapi. Kisha dereva akawasha lori.

Siku hiyo hiyo ukafanyika uzinduzi. Wapiga picha wakajipanga uani kwa Siwema. Mheshimiwa akakinga maji nyuma ya gari, ilichukua muda, watu wakaimba nyimbo kujaza ule muda, na kikombe kilipofika nusu akasogea kwenye meko ya Siwema.

"Kwa maji haya ya karne mpya," akasema, "nazima moto wa kale."

Moto wa kale haukuzimika. Ulilia shhh, ukatoa moshi, ukabaki na jicho jekundu katikati. Ikabidi Bwana Sengelema aende kuchota ndoo ya maji kule kule kisimani. Hiyo ndoo haikupigwa picha.

*

Basi Siwema akanufaika.

Kila siku gari lilitoka kituoni, likaenda mpaka kwenye mawe, likageuza, likarudi. Halikuweza kwenda mbali, kwa sababu kituo cha kujazia gesi kilikuwa hicho kimoja nchi nzima, na likiishiwa njiani lingesukumwa na watu. Likirudi lilisimama mlangoni kwa Siwema, likadondosha maji yake kwenye ndoo yake, nusu kikombe siku likijitahidi. Dereva alivaa kofia ngumu yenye kioo usoni na alikatazwa kuzungumza na mnufaika, asije akamshawishi.

Chakula kililetwa kwenye mawe, kimepikwa huko, kimepoa njiani. Siwema alikwenda kukichukua. Na hapo ndipo alipoonana na serikali, maana Bwana Sengelema alikuja kumjulia hali, akasimama upande wake wa mawe, mbali, na kipaza sauti mdomoni.

"BI SIWEMA! SERIKALI IKO PAMOJA NAWE!"

"Ahsante, Bwana Sengelema."

"UMEAMKAJE?"

"Salama. Ila nilikuwa naomba..."

"USISEME SANA! MANENO NI MSUGUANO, MSUGUANO NI JOTO!"

Kisha aliandamana na kivuli chake kurudi mjini, na Siwema akabeba ugali wake wa baridi kurudi nyumbani.

Jua likianza kushuka alitandika mkeka. Si kwamba alisahau. Mikono ndiyo iliyotandika. Alikaa pembeni, pale alipozoea kukaa ili wengine wapate nafasi, na mkeka ukabaki mtupu mpaka mwisho wake. Hakuwahi kujua kwamba ni mkubwa vile. Mafiga yalikuwa baridi, paka alikuwa amehamia ndani yake kulala, kisha hata paka akafuata harufu ya samaki kule Umbali Salama.

Mwanzoni Mama Kidawa alikuja mpaka kwenye mawe.

"Siwemaaa! Shoga yangu! Huku kuna mbuzi kazaa sungura!"

"Umemwona?"

"Eeeh?"

"Nauliza, umemwona?"

"Kwa macho yangu haya mawili!"

Lakini habari ya mbuzi haisimuliwi kwa kupiga kelele. Ukicheka, kicheko kinamfikia mwenzako wakati yeye amekwisha kuhamia jambo jingine. Akawa anakuja siku moja moja. Halafu Bwana Sengelema akaota ndoto mbaya, akaamka akayasogeza mawe mbali zaidi, na nyumba za mabati pamoja nayo, na Mama Kidawa hakuonekana tena.

*

Wageni walikuja, wakashuka kwenye magari ya kawaida yenye kutoa moshi wa kawaida. Walikuwa watu wa adabu, wenye kofia pana. Mheshimiwa Mavumbo ndiye aliyekuwa mkalimani, amesimama kati yao na Siwema.

"Wanauliza, tangu mradi uje, maisha yako yamebadilika?"

"Yamebadilika sana, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akatafsiri hilo kwa furaha. Wageni wakaitikia kwa vichwa.

"Wanauliza kama una ombi."

Siwema alikuwa ameliwaza ombi hilo kwa muda mrefu na alilisema taratibu, lisije likapotea njiani. "Naomba nirudishiwe moto wangu. Kama hauwezekani, basi naomba jirani. Hata mmoja. Hata mwenye kelele."

Mheshimiwa akawageukia wageni, akasema maneno mengi mno kuliko aliyoambiwa, akionyesha gari, kisha mbingu, kisha gari tena. Wageni wakafurahi. Mmoja wao, mama mwenye mvi, alimtazama Siwema usoni kidogo zaidi ya wenzake, akafumbua mdomo kama anataka kusema kitu, kisha akaitwa kwenye picha.

Wiki iliyofuata, pale kwenye mawe, pamoja na ugali, Siwema alikuta amewekewa picha kubwa ya Mheshimiwa Mavumbo yenye fremu, ili asikae peke yake.

Akaitundika ukumbini, imetazama uani. Jioni alipotandika mkeka alimwambia, "Umeshindaje, Mheshimiwa?" Mheshimiwa akatabasamu kama baba. Akatabasamu vile vile Siwema alipoumwa homa, na vile vile alipolia.

*

Mradi ulikufa bila kuugua. Kisima kilianza kutoa tope, mashine ikakataa tope, jenereta likazimwa. Ukimya ulioingia Kisimasafi siku hiyo ulikuwa mpana kiasi kwamba Siwema alisikia majani yakisugua bati. Dereva akafungua mtungi wa gari na mitungi yote ya kituo, gesi ikatoka ikipiga mluzi, ikapaa zake, kama alivyosema Mheshimiwa, mpaka mluzi ukaisha. Kisha akavua ile kofia. Alikuwa kijana tu, mwenye masikio makubwa. Akampungia Siwema mkono, akaondoka kwa miguu.

Redio ilitangaza kwamba mradi umefaulu kupita matarajio. Mheshimiwa Mavumbo alieleza kwamba gari lile ndilo salama kuliko yote nchini, kwa kuwa tangu lisimame halijapata ajali hata moja. Akaondoka tena kwenda ng'ambo, kwenye mkutano mwingine.

Siwema akamngojea Bwana Sengelema kwenye mawe.

"Bwana Sengelema! Gesi imekwisha! Mitungi iko wazi, nimeiona ikifunguliwa!"

"NINA HABARI, BI SIWEMA!"

"Basi watu warudi?"

Afisa wa Umbali Salama akashusha kipaza sauti, akatazama kushoto na kulia, kama mtu anayefikiria kazi yake na watoto wake. Akakipandisha tena.

"GESI IMEKWISHA! LAKINI UMBALI BADO UPO!"

Siwema akarudi nyumbani. Akaosha uso. Akajifunga kanga safi, ile nyingine akajitanda. Akachukua kigae chake kutoka nyuma ya mafiga, akakipangusa vumbi, na jua lilipoanza kushuka, saa ya kuomba moto, akavuka mawe.

Hakuwa ameomba moto kwa mtu tangu alipoolewa. Watu ndio waliomwomba yeye. Njia nzima alikuwa anajaribu maneno mdomoni, kama bibi harusi.

Umbali Salama palinukia maharage. Moshi ulipanda kwenye kila ua, na kwa mbali alisikia kicheko alichokijua. Aliifuata sauti mpaka kwenye nyumba ya mabati yenye kuku wawili mlangoni, akasimama kidogo kupumua. Ndani Mama Kidawa alikuwa anasimulia.

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, na kama ni uongo yapofuke! Kaja mpaka kwenye mawe, akatikisa kanga, cheche zikaruka, pa! pa! Gesi imemwingia mwilini, jamani. Imemjaa. Anatembea miguu haigusi chini. Huyo akisogea karibu na jiko la mtu, hatubaki hapa, wala kuku."

"Masikini Siwema," ikasema sauti nyingine. "Na alivyokuwa mwema."

"Alikuwa mwema sana," akasema Mama Kidawa, na sauti yake ikalegea kweli. "Moto wake haukulala."

Nje, Siwema akajikuta anatabasamu. Hadithi ilikuwa nzuri. Hata kwenye mkeka wake Mama Kidawa hakuwahi kusimulia vizuri namna ile. Akatazama miguu yake. Ilikuwa chini, ina vumbi.

"Hodi," akasema. "Jirani, naomba moto."

Maneno ndani yakakatika kama uzi. Kigoda kikaanguka. Kisha akasikia sauti aliyoisikia siku ya uzinduzi: maji juu ya makaa. Shhh. Nyumba ya pili nayo, shhh. Mtu akakimbia uani, akaita majina, na shhh zikaenda nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa makazi, na moshi wote wa Umbali Salama ukageuka mweupe, ukapungua, ukakoma.

"Hodi. Mama Kidawa, ni mimi. Gesi imekwisha, hata Bwana Sengelema anajua. Na hata ingekuwapo, mimi sina kitu mwilini."

Nyuma ya bati mtu alikuwa anapumua. Karibu sana, angenyoosha mkono angemgusa.

Siwema akainama, akaweka kigae chini kwenye kizingiti, akarudi nyuma kidogo ili mwenye kuchungulia aone mikono mitupu.

"Basi moto msinipe," akasema. "Niambieni karibu tu."

Kisha akasogea upande mmoja wa mlango, kama afanyavyo mtu aliyelelewa vizuri, asije akaonekana anatazama ndani kabla hajajibiwa, akangoja.